Mtoto aliyepokelewa ana deni gani?

Katika kikao chetu kimoja hapa Butembo, tulipokuwa tunazungumza juu ya majina ya kuzaliwa ya sisi Wayira, baba mmoja aliomba neno. Tulifikiri ataongeza jambo juu ya majina. Akasema hivi:

— Bakubwa, munisamehe, niko na ulizo ingine. Mutoto unamupokea na miaka saba. Unamuvalisha, unamusomesha, akigonjwa unalala naye ku hospitali. Akifika miaka kumi na ine, anakuambia mbele ya bageni: “Wewe hauko baba yangu.” Sasa mimi nilimukosea nini?

Kila mtu alikuwa na jawabu tayari. Mzee mmoja alisema fimbo. Mama mmoja alisema mtoto apelekwe kwenye chumba cha maombi. Mwalimu alisema ni umri tu, itapita kama mafua. Na kijana mmoja aliyekaa nyuma kabisa alisema kwa sauti ndogo: “Pengine haukumukosea kitu, baba. Pengine anasema tu kweli.” Watu wakacheka. Baba yule hakucheka.

Tuliahidi kuandika juu ya ulizo hilo katika kijitabu hiki. Tumechelewa, kwa sababu kila tulipokutana tulibishana. Pale tusipokubaliana, tutasema wazi.

Turudi kwanza kwenye majina, maana tunaona sasa kwamba baba yule hakuwa ametoka kwenye mada hata kidogo. Wasomaji wetu wanajua hesabu, lakini tuirudilie kwa ajili ya vijana wanaokulia mjini. Mtoto mwanamume wa kwanza ni Paluku, ao Mumbere, ao Nzanzu. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Kwa wasichana tunaanza na Masika, kisha Kavira, Kavugho, Kahambu, Katungu. Ndugu zetu Bakonzo, upande wa pili wa Ruwenzori huko Uganda, wana hesabu ileile: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Kwa hiyo jina la Muyira si la kupendeza masikio tu. Linakuonyesha fasi yako ya kukaa. Ukimuita mtu Kasereka, umekwisha kusema kwamba kuna wawili mbele yake.

Sasa mtoto wa baba yule anaitwa Kambale, naye alitoka upande wa Mangina. Katika nyumba iliyompokea kulikuwa tayari na Masika, Paluku na Kambale. Wangefanya nini? Hawakutaka kumbadilisha jina, na sisi tunawasifu kwa hilo. Majirani wakatengeneza mambo kwa njia yao: mmoja akawa Kambale, mwingine akawa “Kambale ya Mangina.” Mtoto akaenda shule na jina hilo, akarudi nalo, akakua nalo. Kila aliyemuita alimkumbusha, bila ubaya wowote, kwamba yeye ni wa hesabu nyingine.

Tena kuna jambo ambalo sisi wenyewe hatukuliona mpaka kikao cha tatu. Jina Kambale linasema kwamba kuna Paluku. Yuko wapi Paluku wa mtoto huyu? Katika nyumba anamoishi kuna Paluku, lakini si yule wake. Tulipomuuliza baba, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: “Hakuna siku nilimuuliza.” Miaka saba.

Hatusemi hayo kwa kumhukumu. Tungekuwa sisi, pengine tungenyamaza vilevile. Katika desturi yetu, mtu anayelea watoto wa marehemu hafungui kidonda mbele yao; anawapa chakula na kazi, na anaona kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Lakini lazima tuulize kama kunyamaza huko kulimsaidia mtoto, ao kulitusaidia sisi wakubwa.

Wazee wanapenda kusema kwamba zamani hapakuwa na yatima kwetu. Baba akifa, baba mdogo yupo. Ukoo, yaani ekihanda, haufi. Mtoto alibaki kwenye kilima kilekile, akila katika mashamba yaleyale, akisikia majina yaleyale jioni kwenye kyaghanda, pale wanaume walipokaa kuzunguka moto. Hapo kuna kweli kubwa. Mtoto wa namna hiyo hakuhitaji kupokelewa, kwa sababu hakuwa ametoka. Lakini tusijidanganye. Wengi kati yetu tulilelewa na baba wadogo, na tunakumbuka nani alipelekwa kuchunga mbuzi siku ya shule na nani alinunuliwa daftari. Neno “mutoto wa kuokota” halikuletwa na Wazungu. Desturi ilimpa yatima fasi. Haikusema kila mara fasi hiyo ilikuwa karibu ya moto ao karibu ya mlango.

Kilichobadilika ni kwamba sasa watoto wanatoka mbali, na wanatoka kwa wingi. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji katika wilaya ya Beni, kuanzia pande za Mbau, Oicha na Eringeti, yameleta watoto mpaka Butembo na Lubero, wengine wakishikwa mkono na watu ambao hawakuwa ndugu zao hata kidogo, bali watu waliokuwa wanakimbia katika njia ileile. Kisha, tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikatangazwa Ebola huko Mangina. Ilidumu mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3470 waligonjwa, 2287 kati yao walikufa, na kwa sehemu kubwa ni watu wa kwetu: Mangina, Beni, Kalunguta, Katwa, Butembo. Ugonjwa ule ulifuata mapendo. Aliyeosha mgonjwa, aliyemkumbatia maiti, ndiye aliyekufa. Kwa hiyo katika nyumba moja waliweza kuondoka mama, nyanya na shangazi, wale wote ambao kwa desturi wangebaki na mtoto.

Na tukumbuke hofu ya siku zile. Ndugu wa damu walikataa kupokea mtoto aliyetoka kwenye kituo cha matibabu, hata akiwa na barua inayosema ni mzima. Hapa Butembo na Beni zilifunguliwa kreshi karibu na vituo vya matibabu kwa msaada wa UNICEF, na waliobeba watoto wale ni watu waliopona Ebola, kwa sababu wao walikuwa na kinga. Yaani watu walioogopwa na wote ndio walioweza kushika mtoto bila kuogopa. Sisi tuliopita mbali na malango yale, tukiwa tumefunga midomo kwa leso, tunaandika jambo hili kwa haya.

Watoto waliokuwa na miaka sita, saba, nane siku zile, leo ni vijana. Ndiyo maana ulizo la baba yule si la nyumba yake peke yake. Uliza katika komine zetu zote, Bulengera, Kimemi, Mususa, Vulamba, utakuta nyumba yenye kijana wa namna hiyo.

Wanafanya nini? Tumesikia mengi. Kuna anayeficha bugali chini ya kitanda, na chakula kipo mezani kila siku. Kuna anayeiba sukari, si kwa kuuza, anaila peke yake usiku. Kuna anayepiga wenzake shuleni kila mtu anapotamka neno “mama.” Kuna anayetembea mpaka barabara ya kwenda Beni, anakaa pale akitazama magari, anarudi giza limeingia, na ukimuuliza alikuwa wapi hana jibu. Kuna anayekataa kuguswa kichwani.

Lakini aliyetuhuzunisha zaidi ni msichana ambaye hakuna mtu aliyemlalamikia. Anaamka wa kwanza. Anateka maji, anafagia, anaosha vyombo kabla hajaambiwa, hajibu kitu akikaripiwa. Mama wa nyumba alimsifu mbele yetu: “Huyu ni mutoto muzuri kupita bale nilizaa.” Mmoja wetu, aliyewahi kukaa katika nyumba ya watu akiwa mdogo, alitikisa kichwa. Alituambia baadaye: “Yule mtoto hafanyi kazi kwa kupenda. Analipa kodi.” Msichana wa miaka kumi na tatu asiyekosa hata mara moja ni mtu anayeamini kwamba kosa moja litamfukuzisha. Mwenye kuiba sukari, angalau, anajaribu kuona kama mlango utabaki wazi. Huyu hathubutu hata kujaribu. Na sisi tunamsifu, yaani tunamwambia aendelee kuogopa.

Wataalamu wa mambo haya wapo, na tumesoma kidogo. Huko Uingereza, mtaalamu Michael Rutter na wenzake walifuata watoto 165 waliotoka Romania, wengi wao katika nyumba za yatima, baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, wakapokelewa na familia za Kiingereza. Wale waliokaa chini ya miezi sita katika nyumba zile mbaya walikua karibu sawa na wengine. Waliokaa zaidi, wengi wao waliendelea kuwa na shida, na huzuni na wasiwasi viliongezeka hasa walipokuwa wakubwa. Hata hivyo, mmoja juu ya watano kati yao hakuonyesha shida katika umri wowote. Na mwaka 2005 Waholanzi wawili, Juffer na van IJzendoorn, walikusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba sehemu kubwa ya watoto waliopokelewa wanakua vizuri. Wana shida zaidi kidogo kuliko wengine, lakini wanapelekwa kwa waganga wa akili mara nyingi kupita kiasi cha tofauti hiyo.

Hapo tulitazamana. Sisi hatuwapeleki kwa waganga wa akili. Tunawapeleka kwenye vyumba vya maombi. Kijana wa nyumba akiiba, ni mwizi. Kijana aliyepokelewa akiiba, watu wanaanza kunong’ona juu ya pepo, juu ya kile alichokuja nacho, juu ya vifo vilivyomfuata. Hatuna neno juu ya maombi. Lakini kumwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyemaliza watu wake, hilo ni jambo ambalo Katiba ya mwaka 2006 inalikataza wazi katika kifungu cha 41, na sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inaliadhibu. Tena ni uongo.

Jambo moja tunalitofautisha na habari za Romania. Watoto wale walikosa mtu wa kuwashika tangu mwanzo. Wa kwetu, wengi, walikuwa na mama. Walibebwa mgongoni, waliitwa kwa jina lao la kuzaliwa, walijua harufu ya nyumba yao. Kisha yote yakaisha kwa juma moja, na mara nyingi bila kuona kaburi, kwa sababu walioshika maiti walikuwa watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwa mpaka miguu. Kwa hiyo tunapoona kijana wa namna hiyo anakasirika, tusikimbilie kusema kwamba hajui kupenda. Pengine anajua sana. Anaomboleza kwa kuchelewa, kwa sababu alipokuwa na miaka saba hakuna aliyemketisha kwenye matanga.

Na kwa nini iwe miaka kumi na nne, si tisa? Erik Erikson, aliyeandika mengi juu ya vijana na swali la “mimi ni nani,” alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, akalelewa na mume wa mama yake, mganga wa watoto aliyeitwa Homburger. Kwa miaka aliambiwa kwamba huyo ndiye baba yake. Hakufikia kumjua aliyemzaa mpaka kufa kwake. Mwaka 1939, alipokuwa raia wa Marekani, alijipa mwenyewe jina Erikson, yaani mwana wa Erik: mwana wake mwenyewe. Mtu aliyefundisha dunia juu ya vijana alikuwa yeye mwenyewe kijana aliyekosa kujua hesabu yake inaanzia wapi. Mtoto wa miaka tisa anaishi katika hesabu aliyopewa. Wa miaka kumi na nne anaanza kuihesabu mwenyewe, na pale panapokosa namba, anaona.

Hapa Wakristo wengi wanamsifu Musa kwa sababu alikataa kuitwa mwana wa binti ya Farao. Ndugu zetu Waislamu nao wana aya katika sura ya 33 ya Kurani inayotaka watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Tunasoma hayo kwa heshima siku ya ibada. Kijana wetu akisema jambo hilohilo sebuleni, tunatafuta fimbo.

Tufike sasa kwenye ulizo lenyewe. Baba yule alipouliza “nilimukosea nini,” chini ya maneno yake kulikuwa na maneno mengine: “Baada ya yote niliyomtendea, ananipa hivi?” Yaani kuna deni, na mtoto hataki kulipa.

Butembo ni mji wa biashara. Watu wetu walikwenda Dubai na Guangzhou kutafuta mali wakati hata barabara ya hapa mpaka Beni ilikuwa matope. Tunajua kuandika deni, tunajua kulipisha. Basi tutumie akili ileile. Deni linahitaji mtu aliyekopa. Mtoto wa miaka saba aliyeletwa usiku na pikipiki, amefungwa nguo ya mtu mwingine, alikopa nini? Nani alimwambia bei kabla hajala? Tena deni la kweli lina mwisho: unalipa, unapewa karatasi, mnaagana. Deni hili halina kiasi. Kijana angeleta feza gani, angeosha sahani ngapi, ndipo tumwambie, sasa imetosha, uko huru kuwa mtoto?

Na Paluku wa nyumba? Amekula bugali ileile, amelaliwa hospitalini vilevile, na bei yake ilikuwa pengine kubwa zaidi. Hakuna aliyemuandikia. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Lakini kazi hiyo hatuilipishi kwa wale tuliowazaa.

Mmoja kati yetu hakukubali, na neno lake lina uzito. Alisema: “Shukrani siyo deni. Ni adabu. Kijana anayemtukana mama aliyemuosha damu na matapishi, wakati majirani wote walikuwa wamefunga milango, amekosa. Mukimwambia hana deni, mutamuharibu.” Tulizungumza juu ya hilo jioni nzima. Tunakubali kwamba amekosa. Lakini amekosa kosa gani? Paluku akimtukana mama, amekosa heshima kwa mzazi. Kambale ya Mangina akitukana, kosa ni lilelile, si zaidi, na adhabu iwe ileile. Kijana anayepata adhabu sawa na ndugu yake atakasirika, atalia, lakini hatashangaa.

Basi tulipata kipimo kimoja ambacho hata mwenzetu yule alikikubali. Kuna maneno ambayo huwezi kumwambia mtoto uliyemzaa, si kwa sababu ni mabaya, ila kwa sababu hayana maana kwake. “Ungebaki kwenu ungekuwa wapi leo?” “Ulikuya hapa na nguo moja.” “Nilikuokota.” Mwambie Paluku maneno hayo, atakutazama kama mtu aliyelewa. Maneno ambayo yanaweza kuambiwa mtoto mmoja tu ndani ya nyumba ndiyo yanayomtenga, hata kama siku zote unampa nyama sawa. Na tukisema kweli, ni nyumba gani iliyompokea mtoto ambayo hayajatoka hata siku moja, jioni ya hasira? Hata “Wewe hauko baba yangu” mara nyingi ni jibu la neno lililotangulia. Baba yule alikubali, alipoulizwa, kwamba juma lile kulikuwa na maneno juu ya feza za shule.

Hata hivyo hatutaki mtu asome hapa kwamba waliopokea watoto hawadaiwi kitu na yeyote. La. Kuna mama anayeuza lengalenga na ndizi sokoni, ana watoto sita, akachukua wa saba mwaka 2019, na wateja wakamkimbia mwezi mzima kwa kuogopa ugonjwa. Alitoa kitu cha kweli. Deni lipo. Kosa letu ni kulidai kwa asiyedaiwa. Waliotakiwa kumchukua mtoto yule walikuwepo: baba wadogo, wajomba, ukoo mzima, na juu yao serikali ambayo ilishindwa kulinda kilima kile. Wao ndio waliofanyiwa kazi yao na mtu mwingine. Wao ndio wangemletea mama huyu mfuko wa unga na neno la asante mbele ya watu. Hawakuja. Na kwa sababu hawapo karibu, hati ya deni inapelekwa kwa yule aliye karibu, anayekaa jikoni na hawezi kukataa.

Saa nyingine wanakuja, lakini kwa habari tofauti. Msichana amefika umri wa kuolewa, mchumba amepatikana, mbuzi zinaanza kuhesabiwa. Basi wajomba ambao mwaka ule walisema hawana nafasi wanaonekana mlangoni, wamevaa koti. “Huyu ni damu yetu.” Tumeona jambo hili, na wasomaji wengine wameliona. Mbuzi ni za nani? Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, inasema mtoto aliyepokelewa kwa njia ya tribunali anahesabiwa kuwa mtoto wa aliyempokea, na papo hapo anabaki na uhusiano wake na jamaa yake ya kwanza. Tunaona sheria hiyo ina hekima kuliko sisi tunaotaka achague. Lakini ni wangapi waliofika tribunali? Kwetu mambo yanaishia kwenye kikao cha jamaa na kibuyu cha kasiksi, bila karatasi, na miaka kumi baadaye kila mtu anakumbuka kikao chake. Mwezi wa tisa 2013 serikali yetu ilizuia watoto waliopokelewa na wageni kutoka nchini, kwa kuogopa jinsi wanavyotendewa huko ng’ambo. Hakukosa mtu wa kuwaulizia. Waliobaki katika nyumba zetu, nani anawaulizia?

Juu ya mbuzi hatukubaliani mpaka leo. Wengine wanasema zigawanywe, ili kamba ya ukoo isikatike. Wengine wanasema asiyelala na mtoto hospitalini asile mbuzi. Mama mmoja alisema aulizwe msichana mwenyewe, na wazee wakatazama chini.

Kitu kimoja tungeomba kianze sasa, kabla ya mbuzi na kabla ya matusi: kuwaambia watoto hawa habari zao. Si siku moja ya hotuba, bali kidogokidogo, kama tunavyosimulia wengine jinsi walivyozaliwa. Mama yako alikuwa nani, alilima wapi, alicheka namna gani kama kuna anayekumbuka. Aliyekuleta alikuwa nani. Mahali alipozikwa, kama panajulikana. Na pasipojulikana, kusema hivyo. Tumesikia wanaosema kwamba mtoto akijua atakimbia. Lakini yule anayekaa kando ya barabara ya Beni akitazama magari anajua tayari. Anachokosa ni mtu wa kujua pamoja naye.

Baba yule alirudi kwetu baada ya wiki kadhaa. Alikuwa amemuuliza mtoto juu ya Paluku. Walikuwa wawili peke yao, wakitengeneza paa la jiko, na ilikuwa rahisi kwa sababu kila mmoja alikuwa anatazama msumari wake. Kijana akasema Paluku alikuwa na miaka kumi na moja, alijua kupiga filimbi kwa vidole viwili, na alikufa siku mbili mbele ya mama. Kisha akaomba nyundo.

Tukamuuliza baba kama sasa anamuita Baba.

— Hapana, akasema. Ananiita Baba Masika, sawa jirani. Lakini jana alimwambia mudogo wake: “Kwetu tulikuwa na Paluku, na hapa tuko na Paluku.” Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Akahesabu mbili.